Kabla ya Kuuliza Bei ya Bastola

 

Miezi michache iliyopita nilikuwa Tabora. Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani kwa mwenyeji wangu, tukitafuna karanga na kuzungumza habari za mvua, alipoingia jirani yake. Ni mtu wa makamo, mfanyabiashara wa asali na karanga, ambaye hununua mali vijijini kwa fedha taslimu na kuileta mjini kwa gari lake. Baada ya kujuliana hali alisogeza kiti karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Bwana mtangazaji, wewe unasoma mambo mengi. Nataka kununua bastola. Sijapata kumiliki silaha maishani mwangu. Ninunue ipi?"

Nilimwuliza sababu. Akavua kofia, akanionyesha kovu. Vijana watatu walimsimamisha porini, wawili wana mapanga na mmoja ana gobore. Walichukua fedha zote za msimu, na juu ya hayo wakampiga. Tangu siku hiyo, alisema, kila gogo lililolala kando ya barabara humshtua. Kisha akaongeza jambo la pili, safari hii akitabasamu kidogo: babu yake alikuwa mwindaji, naye angependa kujifunza kulenga shabaha siku za mapumziko, kama mchezo.

Swali lile si la mtu mmoja. Wenye maduka, wenye vituo vya mafuta, wenye mashine za kukoboa mpunga, na wengine wengi wanaoishi pembezoni mwa miji yetu hujiuliza hivyo hivyo, ingawa si wote wanaothubutu kuuliza kwa sauti. Usiku ule nilimjibu nusu tu. Leo nataka kumjibu kikamilifu. Jibu langu kwa muhtasari ni kwamba bastola yenyewe ndiyo ya mwisho kuchaguliwa. Kabla yake hapana budi ichaguliwe kazi itakayofanywa, ipimwe mikono itakayoishika, na pajulikane mahali itakapolala usiku. Anayeanza na bei ameanzia mwisho.

MJI UNAOIJUA BUNDUKI

Tabora si mahali pa kuzungumzia silaha kana kwamba ni kitu kigeni. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilometa zipatazo 1,200, ilipita hapo hapo. Burton na Speke walipofika Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha jenga matembe yao, na pembe za ndovu zikiteremka pwani mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Katika mizigo iliyopanda bara, pamoja na nguo, shanga na nyaya za shaba, zilikuwamo bunduki na baruti.

Bunduki zenyewe zilikuwa za kushindilia mdomoni: kwanza gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe, na baadaye bunduki za fataki. Biashara hiyo ilikua mno. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita Unguja kila mwaka kwenda bara.

Je, wingi huo ulileta usalama? Tutazame mwaka 1871. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa na ruga-ruga hodari, aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Wafanyabiashara wa Tabora wakamwendea kwa vita, wana bunduki za kutosha, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akafuatana nao. Waliteka kijiji chake kimoja, wakabeba pembe na mateka. Walipokuwa wakirudi wamelemewa na nyara, watu wa Mirambo wakawaotea katika majani marefu, wakawaua wengi. Agosti ya mwaka huo huo Mirambo aliingia Tabora yenyewe na kuichoma sehemu ya mji. Stanley ikambidi azunguke njia ya kusini ili afike Ujiji. Bunduki walikuwa nazo. Kilichowaponza ni kuamini kwamba mwenye bunduki hawezi kuotewa. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, maana nitalirudia mbele.

Halafu twende Januari 1893. Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, papo hapo Tabora. Isike alipoona ngome inaanguka, alijilipua pamoja na watu wa nyumba yake katika ghala lake la baruti. Historia humkumbuka kwa ushujaa wake, na ni haki yake. Lakini anayetaka kuweka silaha nyumbani yafaa akumbuke pia kwamba ghala lile lilikuwa katikati ya nyumba, na waliokuwamo hawakuwa askari peke yao.

Kati ya matukio hayo mawili, Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na kupinga biashara ya utumwa, mkataba huo ulizuia kuingizwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume na baruti ya kawaida ndizo zilizoweza kuruhusiwa, tena kwa idhini ya serikali. Mtu binafsi aliyetaka silaha bora kwa kujilinda alipaswa kuwa mwaminifu, silaha yake itiwe alama na kuandikwa, naye apewe hati yenye jina lake. Wakoloni walijipendelea, hilo halina ubishi: wao walibaki na silaha za kisasa, mwenyeji akabaki na gobore. Hata hivyo, mnaona kwamba leseni, alama na daftari si mambo yaliyozuka jana. Yana umri wa zaidi ya miaka mia moja na thelathini.

SHERIA INATAKA NINI

Turudi katika siku zetu. Tanzania inaongozwa na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha za moto na risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Mwombaji hana budi kuwa amefikisha miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mlevi wala mtumiaji wa dawa za kulevya, asiwe na rekodi ya makosa ya jinai ya kutisha, na awe amefunzwa kuitumia silaha kwa usalama. Maombi huanzia mtaani au kijijini, kwa watu wanaokujua tabia yako. Hupitia kamati za ulinzi na usalama na ofisi za polisi za wilaya na mkoa, alama za vidole huchukuliwa, ndipo yakafika kwa msajili wa silaha. Wapo wanaolalamika kwamba safari hiyo ni ndefu. Mimi nasema urefu wake una faida moja: mtu aliyeghadhibika juzi hupata muda wa kupoa.

Leseni humhusu mtu na silaha yake, basi. Hairithiwi kama shamba. Mwenye silaha akifa, familia hupaswa kuipeleka polisi, na mrithi anayeitaka aanze maombi yake mwenyewe. Baadhi ya silaha zinazosalimishwa wakati wa misamaha ya serikali ni za namna hiyo: marehemu aliziacha juu ya kabati, wajane wakaogopa kuzigusa, na watoto hawakuogopa. Wala huruhusiwi kumwazima ndugu, hata wa tumbo moja.

Iko sheria nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi, nayo ndiyo nzito zaidi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenziwe na kulinda mali. Lakini nguvu inayotumika sharti ilingane na hatari iliyopo. Mwizi anayekimbia na redio yako amekugeuzia mgongo. Ukimpiga risasi, wewe ndiwe utakayesimama kizimbani kujieleza. Mwenye bastola hana budi kuyajua hayo kabla, kwa kuwa usiku wa tukio hakuna wakili chumbani.

NAMNA ZA BASTOLA

Sasa tufike alikotaka kufika yule bwana wa asali. Bastola zinazopatikana kwa kawaida ni za namna mbili.

Ya kwanza ni rivolva. Ina silinda inayozunguka, yenye matundu 5 au 6, kila tundu na risasi yake. Uzuri wake ni wepesi wa kuifahamu: ukiifungua silinda unaona mara moja kama ina risasi au haina. Risasi moja ikikataa kulipuka, unavuta tena na tundu la pili linakuja. Ubaya wake ni uchache wa risasi, unene wake kiunoni, na kifyatulio kizito kinachohitaji kidole chenye mazoezi.

Ya pili ni bastola ya magazini. Risasi hupangwa katika magazini inayochomekwa ndani ya mpini. Kila unapofyatua, chuma cha juu hurudi nyuma kwa nguvu, hutupa ganda tupu, na kinaporudi mbele huingiza risasi nyingine. Ni nyembamba, hubeba risasi nyingi, na kifyatulio chake mara nyingi ni chepesi. Lakini ina mtego mmoja ulioua watu wengi duniani. Mtu huitoa magazini, akaamini kwamba silaha ni tupu, kumbe risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Kwa hiyo utaratibu hauna mjadala: toa magazini kwanza, kisha vuta chuma cha juu mpaka mwisho, kisha tazama ndani ya mtutu na upapase kwa kidole. Ukiugeuza utaratibu huo, yaani ukivuta kwanza na kutoa magazini baadaye, umeingiza risasi kwa mkono wako mwenyewe.

Kuhusu ukubwa wa risasi, maneno ya vijiweni ni mengi. Ile ndogo ya .22, iliyobuniwa mwaka 1887, ina teke dogo na bei nafuu, nayo ndiyo mwalimu mwema wa shabaha. Asiidharau mtu kwa udogo wake, maana huweza kwenda zaidi ya kilometa moja na kuua. Ipo ya .32, ambayo wengine huiita 7.65, yenye teke la wastani. Ipo ya .38 ya rivolva. Na ipo ya milimita 9, iliyoenea kuliko zote katika majeshi na polisi wa dunia.

Hapa msikilizaji atege sikio. Kusema "milimita 9" peke yake hakutoshi. Iliyoenea zaidi, ya mwaka 1902, ina ganda la urefu wa milimita 19. Ile ya Makarov ya Kirusi ina ganda la milimita 18, na iko nyingine fupi ya milimita 17. Kwa jicho zinafanana kama watoto pacha, lakini haziazimani. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye bastola, kisha soma yaliyo kwenye pakiti ya risasi. Yasipolingana herufi kwa herufi, acha.

Sasa kipi kinafaa? Hapo ndipo zile kazi mbili za rafiki yetu zinapogombana. Bastola ya kubeba chini ya shati inatakiwa iwe ndogo na nyepesi. Bastola ya shabaha inatakiwa iwe nzito na mtutu mrefu, kwa kuwa uzito hulimeza teke, na kadiri alama ya mbele ilivyo mbali na ile ya nyuma ndivyo jicho linavyoona kosa mapema. Ile ndogo hupendeza mfukoni, lakini uwanjani humtesa mwenyewe. Anayeanza akinunua ndogo kupita kiasi, kiganja humwuma, akafumba macho kabla ya kufyatua, na baada ya risasi 20 hataki tena mazoezi. Miaka inapita na silaha ipo, lakini ufundi haupo.

Kwa hiyo, kwa mtu anayetaka moja tu kwa kazi zote mbili, ushauri wa walimu wengi wa shabaha ni bastola ya ukubwa wa kati, yenye mtutu wa sentimeta kama 10, yenye risasi zinazopatikana kwa urahisi na kwa bei anayoimudu. Mpini ujae kiganjani, na kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio bila kuivuta bastola upande. Mwenye mkono mdogo au vidole dhaifu ajaribu pia kulivuta lile chuma la juu. Asipoliweza dukani kwa utulivu, hataliweza kwa hofu. Nunua kwa mwuzaji mwenye kibali, na hakikisha namba iliyochongwa kwenye silaha ni ile ile iliyo kwenye karatasi. Silaha ya "bei ya ndugu" iliyovuka mipaka yetu ya magharibi kwa magendo si nafuu hata ikitolewa bure. Hujui imeua nani, na risasi zake huweza kutambulika.

Bei nayo ihesabiwe yote. Mbali na silaha ipo leseni, mafunzo, ala nzuri ya kiunoni, kasha la chuma, vizuia sauti vya masikioni, miwani ya kukinga macho, na risasi za mazoezi. Asiyeweza kulipia mazoezi asinunue.

MCHEZO WA SHABAHA

Kwa upande wa mchezo, nina habari njema kwa rafiki yetu. Shabaha ni mchezo wa Olimpiki tangu michezo ya kwanza ya mwaka 1896, wala hauhitaji silaha ya kutisha. Katika shindano la mita 10 hutumika bastola ya upepo yenye kipenyo cha milimita 4.5, na duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5 tu. Katika mita 25 hutumika .22, na duara la 10 lina upana wa milimita 50. Anayeweza kupiga hapo amejifunza kupumua, kutulia, na kuvuta kifyatulio polepole bila kujua ni nukta gani kitaachia. Mafunzo hayo ndiyo msingi wa mengine yote.

Mahali pa mazoezi ni uwanja ulioruhusiwa, chini ya mwalimu, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Kichuguu cha porini hakitoshi, wala mti wa mwembe. Risasi haiulizi kama nyuma ya mwembe kuna mchungaji. Aidha sheria nne za walimu wa silaha hazibadiliki popote duniani: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mdomo wa mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga, na uijue shabaha yako, pamoja na kilicho nyuma yake. Ukivunja moja, nyingine tatu huenda zikakuokoa. Ukivunja mbili, mtu atazikwa.

KUBEBA NA KULAZA

Tuje kwenye kubeba. Mwenye bastola halali haionyeshi. Hukaa ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, chini ya shati au koti, mahali pamoja kila siku. Mfuko wa suruali wenye funguo na sarafu si mahali pake, wala mkoba unaoachwa kaunta, wala chini ya kiti cha gari. Na siku ya kileo bastola hubaki imefungiwa. Mtu akisema anaweza yote mawili, mnyime kura mtaani kwenu.

Sasa lile neno la mwaka 1871. Mwaka 1983 askari polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, alieleza jaribio lake: mtu mwenye kisu aliye umbali wa futi 21, yaani mita 6 na nusu hivi, humfikia mwenziwe kwa sekunde moja na nusu, na huo ndio muda ambao askari mwenye mazoezi huhitaji kuchomoa bastola na kupiga. Jaribio lile lilihusu bastola iliyo kiunoni wazi. Yetu iko chini ya shati, ndani ya gari, na mkanda umefungwa. Vijana wenye mapanga huwa hawaanzi kwa kupiga hodi kutoka mita 50. Hutega gogo kwenye kona, na wakati dereva anashika breki wao wamekwisha fika mlangoni. Nilimwuliza yule bwana: "Siku ile, ungeichomoa saa ngapi?" Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema: "Wangeichukua pamoja na fedha."

Hilo ni jibu la mtu mkweli. Yako mazingira ambapo bastola imemwokoa mtu, sikatai. Lakini humwokoa aliyeiona hatari mapema na aliyefanya mazoezi. Asiyekuwa hivyo huwapelekea majambazi silaha mpya.

Na usiku? Bastola hulala katika kasha la chuma lililofungwa kwa parafujo ukutani au sakafuni, na risasi hukaa mahali pake pengine palipofungwa. Si chini ya mto, wala juu ya kabati. Watoto wanajua kila kilicho juu ya kabati. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993 na Arthur Kellermann na wenzake, katika wilaya za majimbo matatu, ulikuta kwamba nyumba yenye bunduki ilihusiana na hatari ya mtu kuuawa humo nyumbani iliyokuwa karibu mara 3 ya nyumba isiyo nayo, na wauaji wengi walikuwa watu wa nyumbani au wanaojuana. Marekani si Tabora, na wataalamu walibishana sana juu ya hesabu ile. Lakini ugomvi wa mke na mume, kijana aliyekata tamaa, na mtoto mchunguzi tunao sisi pia.

NJIA NYINGINE ZA MSAFARA

Mtu ataniuliza: basi tukae tunyang'anywe? Hasha. Watu wa nchi hiyo hiyo wametuonyesha njia nyingine. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, na ujambazi pamoja na wizi wa ng'ombe ukawaelemea Wanyamwezi na Wasukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaunda Sungusungu. Silaha yao haikuwa bastola. Ilikuwa upinde na mishale, filimbi, na mwano, lile yowe linalopokelewa kijiji hadi kijiji mpaka mwizi hana pa kutokea. Mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili kuwatambua. Haikuwa kazi ya malaika: wapo waliopigwa na kuuawa bila hatia, na hayo hayasahauliki. Lakini yowe lile lilifanya kazi ambayo bunduki ya mtu mmoja haiwezi. Liliwaamsha watu wengi kwa pamoja.

Hata misafara ya kale ilijua siri hiyo. Mfanyabiashara hakukatiza mbuga peke yake na fedha zake. Alingoja wenzake, wakatoka pamoja nyuma ya kirangozi, kwa ngoma na bendera. Mfanyabiashara wa leo anaweza kufuatana na wenzake magari mawili matatu, kubadili siku na saa za safari, na kutomtangazia kila mtu dukani kwamba kesho anakwenda kununua. Juu ya hayo yote, tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, anaweza kumlipa mrina asali bila kubeba noti hata moja. Gari lisilo na fedha halina wa kuliotea. Hiyo ndiyo kinga ambayo haihitaji leseni.

Nimalizie kwa yule bwana. Usiku ule, wakati sisi wanaume tukibishana juu ya rivolva na magazini, mkewe alikuwa amekuja kumfuata, akasimama kando akisikiliza. Kisha akauliza swali moja tu: "Baba fulani, na ufunguo wa hilo kasha utakaa kwa nani?" Mumewe hakuwa na jibu.

Juzi amenipigia simu. Amepeleka barua serikali ya mtaa kuanza maombi, anajua itachukua muda, na wakati anangoja amepata mwalimu wa kumfundisha bastola ya upepo. Wakulima wake sasa anawalipa kwa simu, na porini wanafuatana magari matatu. Kuhusu bastola bado hajaamua. Ameniambia kuwa kasha amelinunua, amelifungia ukutani, na ndani yake kwa sasa kuna hati za shamba na vyeti vya watoto. Ufunguo wanao wawili, yeye na mama, na wanapozozana kila mmoja humwachia mwenziwe.

Nilimwambia kwamba ameanza mahali panapostahili. Wewe nawe, ndugu msikilizaji, unayewaza kununua, anza na swali la mama yule. Ukipata jibu lake, ndipo uulize bei.